Hesabu ya Mfua Jezi

Msimu ulianza kwa povu jingi.
Mwenyekiti alileta katoni mbili za sabuni,
tukapigwa picha, mimi na yeye, beseni katikati,
akasema, "Mama Kwandu, mwaka huu
utafua jezi za mabingwa."
Nikamwamini. Mwezi wa nane kila timu ni bingwa.

Mechi ya kwanza tulifungwa moja, penalti ya uonevu.
Ya pili, mbili. Uonevu haukuwepo.
Kufika ya sita sikuhitaji redio,
nilisoma matokeo kwa vidole:
nyasi mabegani, huyu alisukumwa;
tope kifuani kwa kipa, kifuani na mgongoni,
huyu alilala chini sana, wala si kwa usingizi.
Na namba tisa ilirudi safi.
Ikarudi safi. Ikarudi safi.
Nikaifikicha hivyo hivyo, kwa hasira,
mpaka tisa yenyewe ikabanduka,
ikabaki alama kama kovu la chanjo.

Kocha wa kwanza aliondoka usiku.
Wa pili alichora mishale ubaoni
hadi chaki ikaisha, naye akaisha.
Wa tatu alikuja na mganga wa kutoka Magu
aliyeagiza jezi zisiguse maji wiki tatu.
Nikakaa Igogo mikono mikavu, sina kazi,
vijana wakinuka kama dagaa walionyeshewa.
Tukafungwa nne.
Tena kwa harufu ile.

Mwezi wa pili mishahara ililetwa kwa ndoo.
Mwenyekiti ana kiwanda cha samaki, mnajua;
minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya,
sisi tukagawiwa mapanki,
mifupa na kichwa, jicho likitutazama.
Namba tisa akalitazama hilo jicho,
kesho yake akapanda basi la Kigoma, hakuaga.
Wakamvika Mafuru, mtoto wa Ukerewe,
jezi inamfika magotini.
Tisa mpya nilimshonea kwa shuka ya mwanangu.

Baada ya zile sita za Mbeya
Bujiku, kipa, alikuja kwangu mwenyewe.
Hakuniamkia. Alichukua jezi yake kwenye beseni,
akaifua, akaikamua, akaikamua tena
kama mtu anayetaka ikiri jambo.
Kisha: "Mama, lile la tatu ningelidaka."
"La tatu tu?"
Tukacheka mpaka jirani akachungulia.
Ilikuwa mara ya mwisho kumwona akicheka.

Watoto wa Mabatini, wale watazamaji wa bure
wanaokaa juu ya mawe miguu ikining'inia,
kufika Aprili walikuwa wametupa kisogo,
wanarusha tiara.
Ukiona hata asiyelipa kiingilio anajuta!

Na ile siku, sitaki kuisema, lakini.
Tulikuwa tunaongoza. Moja bila, dakika ya themanini.
Nilikuwa nimesimama juu ya ndoo.
Ndipo wadudu wakainuka ziwani,
moshi mweusi usio na moto,
wakaja puani, mdomoni, kwenye filimbi ya refa.
Mechi ikasimama.
Asubuhi wakarudi kumalizia dakika kumi.
Dakika kumi tu.
Tulifungwa mawili.
Dakika ambazo mimi huloweka soksi.

Tumeshuka daraja. Mechi thelathini, ushindi mitatu;
nadaiwa sabuni dukani kwa Nyamwaga,
namdai mwenyekiti, simu yake inaita chumbani tupu.
Jezi za mechi ya mwisho nilizianika juu ya jiwe
lililoshika jua tangu asubuhi,
zikakauka upesi, kumi na tatu, nikazikunja.

Ile ya kumi na nne sikuianika.
Ya Mafuru. Tulifungwa, ndiyo, moja bila,
lakini tisa yangu ilikuwa na tope
kuanzia kola mpaka pindo,
nyasi zimejisokota kwenye uzi wangu.
Niliiacha siku mbili kwenye beseni kavu,
kila aliyekuja kunidai
nikamwonyesha kwanza.